Mfagiaji wa Ndani ya Tangi

Nanyuki, Jumapili baada ya ibada

Kwako Maitu, mama yangu,

Nakuamkua nikiwa na moyo mzito. Goti lako linasemaje sasa baridi imeingia Kangema? Na majani chai ya shamba la chini, mmeyachuma au mvua ya mawe imeyapiga tena? Mimi niko mzima wa mwili. Mengine utayasoma hapa chini, na naomba uvae miwani usome mwenyewe. Usimpe Njeri akusomee, kwa maana amenikasirikia na ataruka mistari.

Jana ilikuwa ruracio ya mdogo wangu, siku ya kupokea mahari yake, na sikufika. Najua wasichana walifunikwa leso wakapangwa mstari, mchumba akamtafuta Njeri wake katikati yao, na mahali pa dada mkubwa pakajazwa na binti wa jirani. Ijumaa nilipopiga simu kusema sitaweza kufika, uliniambia, "Njeri anasema umekataa kuja juu yeye ametangulia kuolewa." Ningekwambia nini, Maitu, na mashangazi wamekuzunguka wanasikiliza? Kwamba nimezuiwa na samaki? Ndiyo maana naandika.

Huyu bwana ninayemfanyia kazi za nyumba, anayeuza mashamba ya watu wengine na kujiita Dairekta, aliona akweriamu katika hoteli moja hapa mjini, lile tangi la kioo la kufugia samaki. Akaamua lazima naye awe nalo. Mtu wa Othaya, Maitu. Kwao, kama kwetu, samaki akipikwa hata sufuria hutengwa. Sisi watu wa mlimani samaki tumemjua juzi tu, lakini yeye alileta tangi refu kama kitanda, akaliweka sebuleni ili wageni walione kabla hawajamsalimia.

Ndani akatia samaki wadogo kumi na wawili wa rangi ya chungwa, wazuri kweli, siwezi kudanganya. Kisha akaongeza jitu moja jeusi lenye kichwa bapa na sharubu, mdomo umepasuka kutoka shavu hadi shavu. Muuzaji alimwambia hilo ni la usafi, hufagia uchafu wa chini, naye akaamini kama anavyotaka wateja wake wamwamini yeye. Akaliita Jenerali. Sijawahi kuona jenerali mvivu namna ile. Mchana kutwa amelala ndani ya kipande cha paipu, na mimi nikipita na ufagio, Dairekta ananiambia, "Ona mfagiaji mwenzako. Hana kelele na haombi off."

Basi wale wadogo wakaanza kupungua. Leo hawapo wawili, kesho hayupo mmoja, na Alhamisi asubuhi akabaki Jenerali peke yake. Dairekta akaniita.

"Samaki wangu wako wapi?"

"Sijui, Dairekta. Labda huyo mkubwa."

"Jenerali ni wa kufagia. Hana hata meno. Na kwa hii nyumba ni wewe tu uko na ufunguo. Uliuza ama ulikula?"

Eti nilikula! Mimi, mjukuu wa cucu aliyekuwa akihama jikoni jirani akikaanga omena. Ningecheka, lakini alidai kitambulisho changu, akakifungia kabatini, akasema sitoki langoni mpaka samaki waonekane au nikiri. Ruhusa ya ruracio alikuwa ameshanipa, na begi langu lilikuwa limefungwa. Ruhusa ikafa hapo hapo.

Utauliza kwa nini sikutoroka. Nilifikiria, Maitu. Ningetoroka, ningefika nyumbani nikiwa mwizi, na pengine polisi wangenifuata hadi uani mbele ya wakwe. Nikaona heri Njeri anikose kuliko aaibike siku yake. Sasa naona amenikosa na amenichukia pia.

Jana mchana ndipo mpishi wetu, Muthoni, aliporudi kutoka kwao Wang'uru, alikokuwa mapumzikoni wiki nzima. Dairekta alikuwa amenunua samaki wengine sita asubuhi hiyo, ameketi mbele yao anawalinda, mimi nikiwa chini napangusa sakafu. Muthoni akatua mfuko wake wa mchele, akachungulia kioo.

"Hii kambare mmeitoa wapi?"

"Hiyo ni ya kusafisha. Imetoka ng'ambo," Dairekta akasema.

"Ng'ambo gani? Hii kwetu iko kwa mifereji ya mpunga. Inakula chura, inakula panya, inakula mpaka watoto wake. Mchana inalala, ikiona giza inaamka. Ngoja nifunge pazia uone."

Akafunga mapazia yote, saa saba mchana, akazima taa ya tangi. Tukasimama. Jenerali akatoka kwenye paipu polepole, sharubu zikipapasa mbele, na alipomgusa mmoja wa wale wadogo alifungua tu mdomo. Hakukimbiza wala hakutafuna. Samaki alikuwepo, halafu hakuwepo.

Nikamtazama Dairekta. Nilingoja neno moja, Maitu, hata nusu. Unajua alifanya nini? Alipiga makofi. Akatoa simu akaanza kurekodi, akawapigia marafiki zake, "Kujeni muone vile huyu mnyama anameza." Mwizi alipokuwa mimi, alitaka nifungwe. Alipokuwa mwenye sharubu, akaitiwa wageni.

Nikaomba kitambulisho changu. Akanitupia bila kugeuza shingo.

"Sasa unaweza enda hiyo sherehe yako."

"Ni leo, Dairekta. Saa hizi wanafunua leso."

"Si kutakuwa na ingine?"

Nikaokota kitambulisho. Kambare anameza kwa sababu ana njaa na ndivyo alivyoumbwa. Huyu ameshiba, amesoma, kanisani ana kiti cha mbele, na katika wiki nzima kitu pekee alichoona kimepotea ni samaki. Namdharau, Maitu, na sitaomba msamaha kwa neno hilo hata kwa padri. Mwisho wa mwezi naondoka hapa. Muthoni ameniulizia kazi kwa mama mmoja anayeuza mchele Wang'uru, na huko wakiona kambare wanampiga rungu wanampika, hawampi cheo.

Nisalimie baba, umwambie asiache dawa ya presha. Nisalimie shangazi Wairimu, dada ya baba, ingawa najua ndiye aliyesema kwa sauti kuwa nina wivu. Nisalimie mkwe wetu mpya, ambaye sijamwona uso.

Njeri mwambie sikukataa kuja, nilikatazwa. Amefunga namba yangu kwenye simu yake tangu Ijumaa. Mwombe aifungue. Sitamsumbua na habari za samaki wala za Dairekta. Nataka tu anihadithie ruracio ilivyokuwa, kuanzia asubuhi, asiache kitu.

Ni mimi binti yako mkubwa,
Wangari