Paka wa Githinji Nyumbani kwa Kinanu

Gichunge, uko? Leo nimejiharibia mwenyewe.

Unamkumbuka yule paka wa manyoya marefu anayekaa kwa Kinanu wangu? Bado ni mali ya Githinji, yule anayefuga paka wa kuuza huko Ngaremara. Walikubaliana paka aishi kwa Kinanu maisha yake yote, lakini watoto akizaa ni wa Githinji, na Githinji aje kumwangalia akitaka.

Kumwangalia paka, eti.

Nimefika na shairi jipya la Kinanu, nikamkuta Githinji kwenye kiti changu, paka mapajani, anaongezewa chai. Ananiambia, "Karibu, mshairi." Ananikaribisha, mimi.

Nikamjibu, "Kama paka ni wako, mbebe uende."

Hata hakubishana. "Sawa, boss," akamtia kwenye kikapu.

Kinanu akaanza kulia. "Ntongai, umenifukuzia paka. Hatakula huko bila mimi. Wacha nimpeleke, nikae naye mpaka azoee."

Mbebe uende. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, Gichunge.

Gari la Githinji limeondoka sasa hivi. Paka yuko mapajani mwa Kinanu, na Kinanu amekaa kiti cha mbele.