Wachimbaji Kwenye Lungu Letu

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Wageni leo! Wanafunzi thelathini na wawili kutoka Namanyere, na mwalimu wao. Upepo wa baridi, wote wamejikunyata kwenye masweta. Nikawapeleka kwenye lungu – tanuru la udongo ambalo wazee wa mume wangu waliyeyushia chuma. Refu kunishinda mara mbili. Nikawaonyesha matundu ya hewa, na mavi ya chuma, yale makapi ya kuyeyushia, yaliyotapakaa mpaka kwenye maharage yangu. Nikawaambia majembe yaliyotoka humu ndiyo yalikuwa mahari. Binti mmoja akauliza kama jembe moja lilitosha kuolea. Nikamwambia wewe, mwanangu, ungetolewa mengi! Wakacheka sana.

Walipoondoka akaja shemeji Christopha na jiwe. Lina chembe za njano. Kalitoa pembeni ya lungu. Anasema ni dhahabu. Nikamwomba anyamaze mpaka tupate mtu anayejua. Hakunyamaza.

Jumatano, 7 Agosti

Watu kumi na mmoja shambani! Sururu, makarai, madumu ya maji. Wengine wametoka Ilemba. Shimo liko hatua nne tu kutoka kwenye lungu.

Nikamkimbilia Kashinje, jirani yetu Msukuma, mfugaji. Alihamia huku kutoka Geita, na huko alichimba miaka sita. Akaja nami shambani, akachokoa chembe moja kwenye lile jiwe, akaigonga. Ikawa unga.

“Dhahabu ukiigonga inabonyea, haivunjiki,” akawaambia. “Hii inang'aa tu. Mdogo wangu kafukiwa na kifusi kwa kufuata king'aacho.”

Christopha akadai huyu Msukuma anataka tuondoke achimbe yeye. Wakacheka, wakashika sururu zao. Kashinje akaondoka. Niliona aibu.

Alhamisi, 8 Agosti

Gari la alfajiri mpaka Sumbawanga, moja kwa moja ofisi ya utamaduni. Imefungwa. Nane Nane! Mimi mkulima nimesahau sikukuu ya wakulima. Mlinzi kanionea huruma, kanipa kiti. Nalala kwa dada Coleta. Sirudi mikono mitupu.

Ijumaa, 9 Agosti

Ofisa ni binti mdogo, lakini kanisikiliza mpaka mwisho. Kaandika barua: uchimbaji usimame, wao watakuja Jumatatu. Jumatatu!

Nikarudi nayo kijijini, mwenyekiti wa kijiji kaigonga mhuri, tukaenda naye shambani. Kawasomea kwa sauti. Mmoja akajibu kwamba karatasi haizuii sururu.

Halafu lungu likaporomoka upande wa mashariki. Walikuwa wamechimba chini yake. Bonge kubwa kama ndama likaanguka hatua moja kutoka alipokuwa Christopha. Akabaki amesimama, vumbi jekundu kichwani hadi miguuni. Nilikuwa na matusi tayari. Nikajikuta namuuliza, “Umeumia, shemeji?” Akaokota kipande, akakigeuza. Ndani kulikuwa na alama za vidole vya waliokandika ule udongo. Vidole vya watu!

Jioni mume wangu Raymond kapiga simu kutoka Kipili anakovua samaki. Nikamwambia kesho nakaa mlangoni mwa lungu. Anasema niache, lungu si mtu. Nikamwambia babu yake ndiye aliyelikandika. Mwisho akasema, “Basi vaa koti.”

Jumamosi, 10 Agosti

Naandikia magotini. Nimekaa mlangoni mwa lungu tangu jua lichomoze. Nimevaa koti. Sehemu iliyobaki imesimama – zaidi ya nusu. Ikianguka, labda na mimi. Sitoki.

Wa jana hawajaja. Christopha kaja sasa hivi, peke yake, sururu begani. Nikashika jiwe. Kasema jana usiku kawapigia wenzake wasije, nao wakamjibu kwamba shimo si lake tena. Lori zima la wachimbaji linakuja kutoka mjini.

“Na wewe umefuata nini?” nikamuuliza.

Akaiweka sururu chini.

“Sogea kidogo, shemeji.”

Nimesogea. Kakaa. Mlango wenyewe mwembamba, tumebanana bega kwa bega.

Lori limesimama pale barabarani. Wanashuka. Saba – hapana, wengi zaidi. Wa mbele katuona, anawaonyesha wenzake kwa kidole. Christopha kanishika mkono. Naweka kalamu chini. Hatutoki.