Upinde Ulikuwa Wako, Baba, Ufunguo Haukuwa

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ulinifundisha kwamba hasira haimwondolei mtu adabu, na leo nina hasira na wewe. Mwezi haujaisha tangu tukuzike. Matanga yameanuliwa, watu wamerudi makwao, nami badala ya kukulilia kama mabinti wengine wanavyowalilia baba zao, nimekaa jikoni kwa mama nakuandikia maneno ambayo sikuthubutu kukwambia ulipokuwa hai.

Unakumbuka siku tuliyokwenda mjini kununua kufuli? Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kipya, nyumba nyingine hazijaezekwa, na bomba la mkono lilikuwa ndiyo kwanza limechimbiwa pale uwanjani. Wewe ulikuwa umechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Ulinipakia kwenye keria ya baiskeli, nikakumbatia kibuyu chako cha asali ya kuuza, na njia nzima ukanisimulia jinsi babu yako alivyopita humo humo na pembe begani akiwa mpagazi. Tulipofika Mtendeni tukaingia duka la Mhindi, ukakagua makufuli kana kwamba unachagua ng'ombe. Mwenye duka alikupa funguo mbili, akakwambia, “Mzee, mmoja tumia, wa pili ficha.” Ule wa pili uliupoteza porini mwaka ule ule ulipokwenda kurina asali, na hakuna aliyesema kwamba wanaume hawawezi kutunza ufunguo.

Uliobaki uliutundika kwenye msumari wa chumbani, penye upinde wako. Wageni walipoingia waliuona na kuuheshimu. Lakini sisi wa ndani tulijua kwamba pale msumarini ulikuwa unalala tu. Kabla jogoo hajawika mara ya pili mama alikuwa ameshautungua, ameufunga kwenye pindo la kanga na kwenda kufungua mnyororo wa bomba. Yeye ndiye aliyepanga foleni, aliyepaka grisi, aliyewaamua waliogombea zamu na aliyejua ni nyumba gani ina mgonjwa anayestahili kuteka kwanza. Wewe uliamka jua limetoka, ukanywa uji, ukaenda kwenye kikao cha kamati kueleza hali ya bomba. Uliyoyaeleza alikuwa amekwambia yeye, akikumiminia maji ya kunawa.

Kamati ilikuwa na kanuni yake, na kanuni hiyo ilikuwa yako: atakayeteka ni yule ambaye mwanamume wa nyumba yake alichimba mtaro na kubeba mawe. Sasa Tatu, jirani yetu aliyeachika huko mjini akaja na watoto wake, angemtoa wapi mwanamume? Mawe alibeba mwenyewe, na mama alimwona. Lakini siku ya kuita majina mliita majina ya wanaume, na jina lake halikuitwa. Mlimwambia aendelee na kisima cha mbugani, kile chenye tope, ambacho kiangazi mtu huteka kwa kata huku akisubiri maji yajikusanye. Ndiyo maana mama alikuwa anafungua mapema vile, Baba. Tatu na wajane wa kijiji waliteka gizani, wakaondoka kabla wakubwa hawajaamka.

Nawe ulijua. Wewe uliyekuwa ukisikia usiku mbwa akibweka mbali porini ungeshindwa vipi kusikia ndoo za majirani zikigongana uwanjani? Uligeukia ukutani ukajifanya umelala. Nilipokuwa mdogo niliona huo ni upole wako, na kweli ulikuwa mpole. Sasa naona ulikuwa upole wa bei rahisi, maana mama alibeba hatari yote na wewe ukabaki na cheo chako.

Halafu kile kikao. Yule bwana maji wa kutoka Tabora alikuja akasema kila kamati iwe na wanawake, kwa sababu wao ndio wanaoteka. Nilikuwepo, nimesimama nyuma nikiwa nimembeba mtoto wa Tatu mgongoni. Wanawake walikuwa wachache sana, kwa kuwa vikao vya maji mliviita asubuhi, saa ambayo wanawake wote wako kwenye maji. Mtu mmoja akataja jina la mama. Watu wakakugeukia wewe. Neno moja tu lilitakiwa, tena la kweli: kwamba kazi hiyo anaifanya siku zote. Ulikohoa, ukasema, “Mama Masanja ana shughuli nyingi nyumbani.” Wakacheka kwa heshima, mkaendelea na habari ya kununua grisi. Mama alikuwa bombani, hakusikia. Nilimwambia mimi jioni, akaendelea kupepeta mpunga.

Ulikata roho alfajiri, na ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kanga yake. Alikuwa ametoka kukuchotea maji, ukanywa kidogo, ukashika mkono wake. Hilo nitalikumbuka kwa mapenzi daima. Lakini kabla hujaoshwa, wazee walimuuliza ufunguo uko wapi. Akafungua fundo mbele yao, akawapa, nao wakautundika penye upinde kana kwamba haujawahi kutoka pale.

Unajua kilichofuata siku ya kuanua matanga. Upinde wa marehemu hukabidhiwa mrithi, ndivyo tulivyozoea, na kaka Masanja ndiye mwanao wa kiume. Walipoutungua upinde wakautungua na ufunguo. Wakamkabidhi vyote viwili, wakampaka unga wa baraka, wakamwambia ashike mahali pako. Hakuna aliyeshtuka, Baba. Bomba la kijiji kizima likarithiwa kama jembe lako na kiti chako. Kaka akapanda gari la pamba kurudi kwake mjini, Isevya, ufunguo mfukoni, mnyororo huku umefungwa.

Nilimfuata. Nilimkuta kibarazani anatengeneza redio, mke wake akanipa chai. Nilimwambia wanawake wote wamerudi kwenye lile tope la mbugani na watoto wameanza kuhara. Hakuwa mkali. Alisema ananihurumia, ila wazee walimpa yeye, na akiutoa atautoa kwa mwanamume wa kamati atakayekuja mwenyewe kuuomba. Nilirudi kwa kamati. Wakasema watakaa kikao, na kikao wakakipanga baada ya mavuno.

Nilipomweleza mama, alichukua shoka lako la kuchongea mizinga, akaenda uwanjani mchana kweupe, akapiga kufuli mpaka likaachia. Wakubwa walikuja mbio. Mmoja akamuuliza kama ameurithi yeye ule urithi wa mwanawe. Mama alisema, “Upinde ni wa baba yao. Maji si yake.” Kisha akamwita Tatu, ateke wa kwanza, jua likiwa utosini na watu wote wakitazama.

Sasa wamemwita ajibu kosa la kuharibu mali ya kijiji. Wanataka kumwondoa bombani kabisa na kuweka kufuli jipya. Kikao ni kesho, asubuhi kama kawaida yao. Mama amewatumia salamu kwamba atakuja wote wakishateka, na wenye haraka watamkuta kwenye foleni. Wanawake wengine nao wamesema hivyo hivyo, kwa hiyo nadhani safari hii kamati ndiyo itakayotembea.

Ninachoweza kumsaidia nacho ni kusema lile neno ulilolimeza: kwamba mtunza bomba wa miaka yote hiyo alikuwa yeye, na kwamba wewe ulikuwa unaripoti kazi ya mke wako. Mama amenikataza. Amesema nisimwaibishe baba yangu kaburini. Hata sasa, Baba, wanataka kumwadhibu na yeye bado analinda jina lako. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ufunguo.

Nakupenda. Asali yako bado iko kwenye kibuyu, na siwezi kuionja bila kulia. Nakuomba radhi, na usiponipa nitasema hivyo hivyo. Leo alfajiri nilimwona mama akitoka na ndoo. Mlangoni alisimama, akapapasa pindo la kanga, akakuta hakuna kitu. Akaendelea kwenda.

Lala salama, Baba.

Ni mimi binti yako, wa kwenye keria.