Mzee Aliyejua Siku ya Kombora

Nuapahi, karibu na Chandipur
3 Mei 2022

Mwanangu Pitambar,

Pokea salamu zangu na za mama yako Sebati. Mimi mzima, Jagannath ashukuriwe, nakula wali wangu wa maji na kitunguu kila adhuhuri na bado nauliza kama kuna mwingine. Mama yako goti tu, akichuchumaa halimwachii kuinuka. Na wewe, vumbi la pamba la huko Surat bado linakukohoza? Hicho kiwanda cha kufuma kitakumaliza mapafu.

Naandika kwa mkono wangu, usidhani nimemwomba mtu. Herufi zikilala upande ni kalamu mbovu. Simu sitaki. Tangu yule fundi wa mtaa wa nyuma achukuliwe na polisi kwa sababu ya mambo aliyokuwa anayasema kwenye simu, mimi simu naiona kama nyoka aliyejikunja mfukoni.

Wiki jana wametuhamisha tena, wale wa uwanja wa majaribio ya makombora. Lilikuja gari la kipaza sauti, yakaja mabasi, tukakaa shuleni mpaka kombora liruke. Watoto walikuwa na jaribio la hesabu, likaahirishwa kwa sababu ya jaribio. Walifurahi, wanaiombea serikali iunde makombora mengine.

Wenzangu hushangaa siku ikitangazwa. Mimi sishangai, maana najua siku tatu kabla. Mpishi wa shule akiagiza dengu nyingi, najua. Mabasi ya manjano yakipangwa nyuma ya ghala, najua, na najua hata ni kombora la aina gani. Linalofuata ni la kupiga meli, linaruka chini chini juu ya maji kama kunguru mwizi. Litaruka Jumatano tarehe 25, hilo nimelijua mapema zaidi, kutoka jukwaa la tatu. Muulize rafiki yangu Kulamani, mvuvi. Huwa namwambia kabla, naye hubaki mdomo wazi.

Watu wa mjini wanadhani Ghuba ya Bengal inalindwa na wakubwa wa Delhi. Zile meli za kigeni zinazojifanya kupima kina cha maji, zinazokuja kutuchungulia, zinaogopa kitu kinachoruka kutoka uani kwangu. Makombora mengine yameuzwa hadi Ufilipino wakalinde bahari yao. Na jirani wa kwanza wa ukuta wa uwanja ule ni nani? Ni mimi.

Sasa niambie, unaoa lini? Thelathini na minne si umri wa kusema bado.

Baba yako,
Lokanath Dalei


Surat, 17 Mei 2022

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kikohozi kimepungua. Mwambie mama asiteke maji mwenyewe, amwite jirani.

Umeuliza kuhusu kuoa. Nilitaka kungoja, lakini nakuambia. Yuko msichana anaitwa Itishree. Ni wa kwetu, kwao Cuttack, ila anafanya kazi Delhi katika ofisi inayoandika mambo ya usalama wa bahari. Tulijuana kwenye simu, yapata miezi minne sasa. Anaongea nami kila siku nikitoka zamu. Baba, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nimekula nini, yeye anauliza.

Nilimsomea barua yako yote. Alicheka pale pa kunguru. Anasema mzee kama wewe ni hazina. Anaomba umweleze zaidi kwa ajili ya kitabu chake: mabasi huwa mangapi? Jukwaa la tatu ndilo lililo upande wa bahari? Na mkiokota vipande vya chuma vya makombora kwenye matope bahari ikipwa, mnapeleka wapi?

Mwandikie chochote, baba, atafurahi.

Mwanao,
Pitambar


Nuapahi, 28 Mei 2022

Pitambar,

Sisi hatujambo. Joto limetushika, hata mbuzi wanaingia ndani kutafuta sakafu baridi.

Kwanza, tarehe 25 halikuruka. Upepo ulikuwa mbaya na wakubwa wakaogopa. Mimi nilijua wataogopa.

Pili, huyo Itishree. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimeisoma nimesimama. Mchumba gani anauliza habari za jukwaa la tatu kabla ya kuuliza goti la mama mkwe? Mama yako alipoletwa hapa aliuliza mambo mawili, kisima kiko wapi na mama yangu ni mkali kiasi gani. Hilo ndilo swali la mwanamke anayekuja kukaa.

Umemwona uso? Si picha, picha hata mimi naweza kukununulia sokoni. Baba yake nani? Mtaa gani Cuttack? Na kwa nini barua niliyokuandikia wewe imesomwa Delhi?

Ya mabasi nayajua, yote, mpaka majina ya madereva. Lakini sitakuandikia. Sikukuu yetu ya Raja inakaribia. Muulize ataifanyaje, na unijibu neno kwa neno kama alivyosema, bila kumpamba.

Baba yako


Surat, 19 Juni 2022

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima.

Barua yako imeniumiza. Nimekaa miaka minane kwenye mashine hizi, nasikia kelele hata nikiwa nimelala. Nimepata mtu mmoja wa kunipooza moyo na wewe unamhoji kama karani wa polisi. Unamshuku kila mtu. Ulimshuku daktari wa macho, ukamshuku hata kuhani aliyekuuzia uzi wa baraka.

Nimemuuliza ulivyotaka. Kasema hivi, neno kwa neno: alikwenda kwao Cuttack kwa Raja, ilikuwa raha tupu. Siku ya pili aliamka mapema akachimba uani na mama yake, wakapanda pilipili, kisha wakala mkate wa mchele wa kuokwa, wakapanda bembea. Umeridhika?

Na picha yake amevaa sari ya kwetu, ya kufumwa Sambalpur. Nilimwambia lile la upepo wa tarehe 25 na akashukuru sana.

Mwanao,
Pitambar


Nuapahi, 27 Juni 2022

Pitambar mwanangu,

Hatujambo. Keti kwanza ndipo usome.

Nilimpa mama yako asikie jibu la huyo msichana. Nilisoma polepole, yeye anapepeta mchele. Nilipofika kwenye pilipili ungo ukasimama. Akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Huyo si mtoto wa mtu wa huku."

Wewe umekaa ugenini mpaka umesahau? Siku tatu za Raja ardhi iko mwezini kama mwanamke. Nani anaigusa kwa jembe? Jembe linafungwa, kinu kinafungwa, wasichana hawakanyagi chini peku wasiiumize. Bibi yako alimfukuza ng'ombe aliyekwangua ardhi kwa kwato. Na huyu binti wa Cuttack, pamoja na mama yake, wanaamka mapema siku ya pili yenyewe kuchimba uani! Mkate ameusoma mahali, bembea ameisoma mahali. Pilipili amebuni.

Sijui ni nani. Huenda si msichana, huenda ni jitu lenye masharubu limekaa na wenzake kumi katika nchi nyingine, linajifunza jina la sari. Anachotaka si wewe, ni ukuta ulio jirani na mimi.

Nenda polisi na hiyo simu, wewe mwenyewe kwa miguu yako, kabla hawajaja wao. Usifute kitu.

Baba yako anayekupenda


Surat, 9 Julai 2022

Baba,

Shikamoo.

Nilimwomba nimwone uso kwenye simu. Akasema kamera imeharibika. Nikamuuliza kitu gani hakifanywi siku za Raja. Kabla hajajibu nikasikia mtu mwingine anaongea nyuma yake lugha nisiyoijua vizuri, kisha simu ikakatwa. Sasa namba hiyo haipo.

Nilimwambia yote, baba. Shule, mabasi, dengu, jukwaa la tatu, tarehe. Yote kutoka barua yako ya Mei. Kwenda polisi naogopa. Nitasema nini, kwamba nilifanya kwa sababu aliniuliza nimekula nini? Nitachoma barua zako nikae kimya. Usiniandikie kwa sasa.

Pitambar


Nuapahi, 30 Agosti 2022

Mwanangu Pitambar,

Naambiwa barua hii ataisoma inspekta kabla yako, basi salamu zimfikie yeye pia, na watoto wake kama anao. Sisi wazima. Mama yako anauliza kama hapo rumande Balasore mnapewa samaki.

Waliponijulisha kwamba wamekutoa Surat kwa treni na pingu mkononi, nilivaa shati la harusi ya binamu yako nikaja kituo cha polisi. Hawakuniruhusu kukuona. Inspekta ni mama mmoja mfupi, haongezi neno. Akaweka mezani barua yangu ya tarehe 3 Mei. Kumbe hukuichoma, uliishonea kwenye godoro. Akasema ile namba walikuwa wanaifuatilia, na simu yako imeonyesha kwamba maneno yale yametoka nje ya nchi, na kwa kosa la kutoa siri ya makombora wanafungwa watu miaka mingi. Akaniuliza nani kwenye uwanja wa majaribio alikuwa ananipa tarehe.

Pitambar, nimekula chumvi miaka sabini na moja na sijawahi kusema nilichokisema pale. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, na watu wetu wamejaa mlangoni wanasikiliza.

Nilimwambia, "Mama inspekta, mimi ni mwongo."

Akasema nieleze. Nikaeleza mstari kwa mstari. Siku tatu kabla sijui, sijawahi kujua. Gari la kipaza sauti likipita mimi ndiye wa mwisho kusikia, na mara mbili wamenipandisha basini nimeshika mswaki. Mabasi si ya manjano, yanakuja ya rangi yoyote. Dengu mpishi ananunua siku ileile. Jukwaa la tatu sijui kama lipo, nilipenda tu namba. Tarehe 25 niliitunga, na upepo niliutunga kuifunika tarehe 25.

Akafungua daftari lake, akapiga simu mahali, akasikiliza. Akarudi akasema ni kweli, siku hiyo hakukuwa na kitu, na mengine hayalingani na chochote. Nikadhani tumemaliza. Akafunga daftari.

"Mzee, unasema wewe ni mwongo. Na hili la kuwa mwongo, nitajuaje kama si uongo wa kumwokoa mwanao?"

Akasema, niletee watu wanaokujua. Wakithibitisha kwamba mzee huyu maneno yake ni upepo, nitaandika kwamba kijana alidanganywa na alichotoa ni takataka, atakuwa shahidi wetu badala ya mshtakiwa.

Nilizunguka kijiji na karatasi na kidau cha wino. Hujawahi kuona watu wanafurahi hivyo. Wengine walipanga foleni. Mama yako alikuwa wa kwanza, akabonyeza dole gumba kwa nguvu mpaka wino ukatapakaa, akasema amengoja miaka arobaini. Kila mmoja aliongeza uongo wangu anaoukumbuka. Nilisimama nikasikiliza wote, nikasema ndiyo, hata huo.

Alibaki Kulamani. Inspekta alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba yeye ndiye niliyekuwa namwambia kila mara. Akasema bila huyo haandiki. Nilimkuta anatengeneza wavu wa kaa. Alikataa. Akasema mimi nilijua kweli, aliona kwa macho yake.

Nikakaa chini. Nikamwambia nilikuwa nasema tarehe nyingi, na moja ikigonga nakuja kwako, zisipogonga sirudi kuzitaja.

Akauliza, "Na ile ya tufani, kwamba ulimbeba ng'ombe mgongoni?"

"Ndama, Kulamani. Tena alikuwa anatembea mwenyewe."

Aliuweka wavu chini. Akauliza kama na ile ya marehemu kaka yake, kwamba nilikuwa naye siku ya mwisho na kwamba marehemu alimtaja Kulamani kwa jina. Nikasema sikuwepo. Nilifika jioni, amekwisha kufa.

Alichukua kidau, akatia dole gumba. Akaniambia karatasi nimepata, sasa nisirudi tena kwenye mlango wake. Nimepita pale asubuhi hii, akageuza uso.

Inspekta amepokea. Watakutoa Jumanne ijayo saa nne, na kila mwezi utaripoti. Nitakuwa langoni, na mama yako kama goti litaruhusu. Watu watakuwepo, watanicheka, waache. Ila tukiwa njiani uniulize chochote, usiniulize habari za Kulamani.

Baba yako,
Lokanath