Mama Amelala Kwenye Mashini ya Mjomba

Mama,

Habari za huko sikuulizi, maana hata za hapa zimenishinda. Nimekaa kwenye cherehani yako, blauzi ya mtu iko chini ya sindano na sina nguvu ya kuimalizia. Kuna jambo limenichanganya tangu tulipokuzika. Ungekuwepo ungenicheka kwanza, halafu ungenieleza.

Unakumbuka ile picha niliyokupiga kwa simu yangu, Jumapili mliyovaa sare mpya za kwaya? Ulisimama mbele ya ukuta wa kanisa uliopakwa chokaa, kitabu cha nyimbo kifuani, ukaniambia, "Piga mbio, sombe iko ku moto." Ndiyo maana unacheka pale. Watu wanasifu furaha yako kwenye picha, kumbe ulikuwa unawaza sufuria ya majani ya muhogo. Ulipotutoka nilimpa picha hiyo Asukulu, mpiga gitaa wenu anayetunza ukurasa wa kwaya kwenye intaneti, akaiweka pamoja na jina lako ili ndugu wa mbali wakuage.

Ndugu wa mbali ni hasa kaka yako, Mjomba Wilondja. Ruhusa ya kutoka kambi ya wakimbizi huko Tanzania haikupatikana, kwa hiyo hakuvuka ziwa kuja kukuzika. Simu yake ni ya batoni, haionyeshi picha. Nikamwambia aombe wamfungulie ukurasa huo kwenye mashini ya kanisa lao, ile kompyuta kuukuu wanayochapia matangazo.

Kesho yake akapiga. Hata nafasi ya kumpa pole sikupata. Alisema amekuona umelala juu ya shuka nyeupe, na macho yako wazi. Halafu akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mwipwa wangu, ni nani alikuwa pale akashindwa hata kumufunga dada yangu macho?"

Nikamwambia Mjomba, ile si picha ya maiti, Mama amesimama, anacheka. Akajibu kwamba yeye si kipofu. Nikaufungua ukurasa kwenye simu ya jirani huku yeye bado anaongea kwenye yangu: umesimama, wima kabisa. Nikarudia kumwambia. Akasema nafanya mzaha na kifo cha dada yake, na kwamba hatatoa neno la kumaliza kilio mpaka aambiwe ukweli wa hayo macho. Unajua mambo ya kwetu: kaka wa marehemu asiposema, hakuna anayevua nguo nyeusi.

Basi tukabishana siku nyingi, mtu na mjomba wake, juu ya picha moja. Nikaanza kujishuku. Niliwauliza wamama wa kwaya kama kuna aliyekupiga picha kwenye jeneza akaituma kule kwa siri. Hakuna. Mmoja akasema labda wewe mwenyewe unakataa jambo fulani. Mwingine akataka kujua kichwa chako tulikielekeza wapi kaburini. Mimi nisiyeamini mambo hayo nikajikuta nawaza kama kuna kitu uliniagiza nikakisahau. Nilikasirika, Mama. Nilikukasirikia hata wewe, na hukuwa na kosa.

Asukulu naye alikuna kichwa. Kwenye kila simu aliyoijaribu ulikuwa umesimama. Mwishoni akasema twende tukatafute mashini ya umri wa ile ya Mjomba. Iko moja katika ofisi ya parokia hapa mjini Baraka, wanaandikia majina ya ubatizo. Ilichukua muda mrefu kuamka. Asukulu akafungua ile programu ya kuingilia intaneti, navigateur wanavyoiita, ambayo haijabadilishwa tangu inunuliwe. Ukurasa ukateremka polepole, kwanza jina lako, halafu wewe.

Ulikuwa umelala, Mama. Kichwa upande wa kushoto, ukuta wa chokaa umegeuka shuka, na kitabu kiko kifuani kama tunavyowawekea marehemu. Macho wazi. Nilikaa chini kwenye sakafu ya ofisi ya watu nikalia. Mjomba hakuwa amedanganya hata neno.

Asukulu alinieleza hivi: simu ikikupiga picha ukiwa umesimama, inaihifadhi imelala, halafu inabandika neno la siri linalosema "geuza." Programu mpya zinalisoma neno hilo na kugeuza. Ya zamani hailijui, inakuonyesha jinsi ulivyohifadhiwa. Kwa upande huo nilielewa, ni kama alama ya chaki kwenye kitambaa, fundi asiyeijua atashona maua kichwa chini. Lakini kwa nini simu ilaze watu waliosimama?

Akaigeuza picha palepale. Kwenye ile mashini ukainuka, tukapeana mikono. Sikufika hata nyumbani. Niko juu ya pikipiki wamama wa kwaya wananipigia, tumemfanyia nini mwenzao? Kwenye simu zao sasa ulikuwa umelala, tena upande wa pili. Neno la siri lilikuwa bado limebandikwa, simu zikakugeuza mara ya pili. Nikikusimamisha kule, unalala huku. Ulivyokuwa mbishi ukiwa hai, nikasema, ni yeye huyu.

Dawa ilikuwa ndogo mpaka inaudhi. Nilifungua picha ya kwanza kwenye simu yangu, nikaipiga picha ikiwa kwenye kioo, kwa kubonyeza vibatoni viwili pamoja. Hiyo mpya haina neno la siri, imesimama tu. Asukulu akaiweka, na tukahakikisha kwenye simu na kwenye mashini ya parokia. Wima kote. Nikamwambia Mjomba aende akatazame tena, nikasubiri afurahi.

Hakufurahi. Alikwenda, akatazama, akanipigia. Akasema, "Munaniambia alikuwa anasimama. Basi mi sijamuona."

Ndipo akanieleza. Tangu siku ya kwanza alikuwa anakwenda pale kila jioni, watu wakishatoka kanisani. Pamoja na hasira zake alikaa nawe, akakusalimia, akakulilia. Na siku moja aliweka kiganja kwenye kioo cha mashini, akakufunga macho mwenyewe. Hayo ndiyo yalikuwa mazishi yake. Mimi na Asukulu tulikuwa tumeyafukua.

Hata sasa sijui kama nilitengeneza au niliharibu. Mjomba akasema, "Sasa uniambie vile alilala."

Nikamwambia, Mama. Nilimwambia ambayo sijamwambia mtu. Kwamba ulilala kwa ubavu wa kulia, ukiangalia mlango, na blanketi la bluu ulilikataa kwa mguu. Kwamba pumzi ilikuja, ikakawia, haikuja tena. Kwamba mkono uliokufunga macho ni huu wangu, na jicho la kushoto halikukubali mara moja, nikalishikilia mpaka likakubali. Aliposikia habari ya jicho alitoa pumzi ndefu. "Hata mama yetu, ilikuwa vile vile," akasema. "Muvule nguo nyeusi."

Tutazivua Jumamosi. Sombe itakuwepo, nitaisimamia mwenyewe.

Kwaheri, Mama yangu. Nakuahidi jambo moja, maana Mjomba ameliomba na mimi nimekubali: picha ya kwanza nimeirudisha ukurasani, kando ya mpya, na maadamu yeye yu hai sitaruhusu mtu aifute. Kwenye simu zetu watu wanaona picha mbili zilezile, umesimama na umesimama, na wananiuliza kwa nini nimerudia. Ni Mjomba peke yake, kule ng'ambo, anayeona kwamba moja imelala.

Mwanao,
Riziki