GPS Isiyojua Kusema "Hapo Tu"

Jumatano, Uyole

Bado nimekasirika. Tumaini, mwenzangu wa kuongoza watu mlimani, alitaka ile GPS ya kugusa kioo kwa sababu ramani yake ina rangi. Nikalowesha glavu yangu ya sufu palepale dukani, kama inavyolowa mlimani, nikagusa. Ramani ikarukia kusikojulikana. Ile ya vitufe ikanitii, tena inatumia betri za redio, zinazopatikana hata vijijini. Nikaichukua.

"Umetununulia redio ya babu," akanuna.

Anune tu. Mwezi uliopita simu zetu zilizima kwa baridi kule Rungwe, ukungu umefunga, na kila wanakwaya tuliokuwa tukiwaongoza walipouliza kama bado ni mbali, Tumaini alijibu, "Hapo tu." Mama Neema, mkubwa wao kwa umri, aliamini mpaka miguu ikagoma. Tulimshusha mgongoni, anatetemeka.

Jumamosi tunawapandisha tena, na yeye anakuja. Naogopa, sifichi.

Jioni hii Tumaini amekuja kwa upole. "Dada, hizo kilomita zilizobaki zinazoonekana kwenye GPS haziwezi kufichwa? Watu wasikate tamaa."

Nimemjibu kwamba atakayeishika GPS ni Mama Neema.