Bastola Mpya na Kidole Changu

Jumapili, mwishoni mwa Oktoba 2021. Lidcombe.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa imebaki manyunyu tu. Jakaranda ya jirani imemwaga maua yake yote juu ya gari letu na tangu turudi mchana hakuna aliyetoka kuyafuta. Mwanangu Inès yuko chumbani kwake. Mume wangu, Désiré, anakaanga ndizi jikoni. Mimi nimekaa barazani na laptop mapajani.

Naandika ili nitulie. Sijui kama nitatulia.

Kwa anayeingia hapa mara ya kwanza: mimi ni nesi, mzaliwa wa Usangi kule Upareni, na nina miaka mingi sasa hapa Sydney. Kazini wananiita Ellie kwa sababu Eliwaza imewashinda. Mchezo wangu ni kulenga shabaha kwa bastola. Ndiyo, bastola. Shangazi yangu alipoambiwa alifikiri nimejiunga na polisi.

Nilianza kwa bahati. Mwenzangu wa wodini alinipeleka klabuni kwao siku ya wageni, nikapiga risasi chache, nikarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kilichonikamata ni kile kimya kabla ya kufyatua. Wodini kila kitu kinalia: mashine, simu, kengele za vitanda. Pale unasimama, unanyoosha mkono mmoja, unatoa pumzi, na dunia nzima inabaki duara jeusi kwenye karatasi.

Miaka yote hiyo nilitumia bastola ya klabu. Ilikuwa kuukuu, mpini wake umechongwa kwa kiganja cha mwanaume, na haikuwahi kulala nyumbani kwetu. Baada ya mazoezi naikabidhi, narudi mikono mitupu. Désiré hakuwa na neno.

Yangu niliiagiza kabla ya lokdauni. Kibali kikachelewa, halafu kila kitu kikafungwa, na nikawa nimeisahau kabisa. Wiki zile, huku kwetu magharibi mwa jiji, helikopta zilikuwa zinazunguka juu ya mapaa, na wanajeshi wakipita na polisi kugonga milango kuona kama watu wako ndani. Désiré alikulia Bujumbura wakati wa vita. Siku walipogonga kwetu aliwajibu kwa adabu, akafunga mlango, akaenda kukaa kwenye sakafu ya bafuni. Nilimkuta huko nilipotoka kazini.

Na mimi, lokdauni ilipofunguliwa, jambo la kwanza nililofanya ni kumletea bastola nyumbani.

Naandika sentensi hiyo na naiona ilivyo.

Niliiweka kwenye sefu la chuma lililofungwa kwa bolti kwenye ukuta wa korido, kama sheria inavyotaka. Risasi zilikuwa kwenye sefu lake jingine. Désiré hakuwahi kusema niitoe. Ila tangu ilipoingia akawa hapiti kwenye ile korido. Alizunguka kupitia jikoni.

Bastola mpya ni kama kiatu kipya: ni nzuri dukani, mguuni inakuuma. Siku ya kwanza uwanjani ilinikwamia mara kwa mara. Unafyatua, chuma cha juu kinarudi nyuma nusu, na ganda la risasi linabanwa mlangoni kama mtu aliyefungiwa lifti. Risasi zilizotoka zilikwenda chini kushoto, zote, kama vile zimepangana.

Kocha wetu anaitwa Loretta. Alikuwa mwalimu wa hesabu, sasa amestaafu, na hana haraka na kitu chochote duniani.

"Springi bado ngumu," aliniambia. "Ipigie maboksi kadhaa kwanza. Usiguse skrubu yoyote mpaka ikuzoee."

Mwanzoni nilitii, nikashughulika na mpini tu. Mpini wa mbao unaruhusiwa kuuchonga ufuate mkono wako, kwa hiyo nilikaa barazani na msasa nikisugua kidogo kidogo pale unaponibana chini ya kidole gumba, napuliza vumbi, nashika, nasugua tena. Ilikuwa kazi tamu. Kwa saa nzima sikumfikiria mgonjwa yeyote.

Lakini risasi ziliendelea kwenda kushoto. Nikasogeza kilengeo cha nyuma kulia, zikaja katikati, siku iliyofuata zikahamia kulia. Hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na hofu, kwa sababu bastola haiwezi kubadili mawazo. Kilichokuwa kinayumba ni mimi.

Nikaona tatizo liko wapi. Ni kidole. Nikifika kwenye triga, nikiwa tayari kabisa, kidole kinagoma. Kinasubiri. Mkono unachoka, ncha inaanza kucheza, halafu kidole kinastuka na kuivuta kwa pupa. Hakikuwa hivyo mwaka juzi.

Nikasema dawa ni triga nyepesi. Ikiwa nyepesi, kidole hakitapata muda wa kubishana.

Kwenye mashindano yetu triga haitakiwi kuwa chini ya uzito wa kilo moja. Mkaguzi huning'iniza jiwe la kilo kwenye triga, bastola ikiwa tupu, ikijifyatua, hushindani. Alhamisi mchana, nyumbani hakuna mtu, nilichukua kifunguo kidogo nikalegeza skrubu. Kisha nikapima kwa pakiti ya sukari ya kilo niliyoifunga kwa uzi. Ikashika. Nikajiona fundi.

Jana Jumamosi nikaenda nayo uwanjani. Ni mbali kidogo, unapita Macquarie Fields na kuendelea. Hali ya hewa ilikuwa safi, watu wana furaha ya kuonana, barakoa zimeshuka videvuni. Wiki mbili zijazo klabu inachagua watakaokwenda mashindano ya jimbo, na jina langu limo kati ya wanaofikiriwa. Nilitaka Loretta aone.

Kuna zoezi ambalo unasimama mkono umeshuka, shabaha inakugeukia kwa sekunde chache tu, unainua na kupiga risasi moja. Shabaha ikageuka. Nikainua mkono.

Ikalia kabla sijafika.

Risasi iliingia ardhini, katikati ya njia, ikarusha udongo. Mtutu ulikuwa unatazama mbele, hakuna aliyekuwa mbele, hakuna aliyeumia. Najua hayo yote. Lakini mimi sikuwa nimeamua kufyatua. Hilo ndilo linalorudi kila nikifumba macho.

Loretta alisimamisha mstari mzima. Nilitoa magazini, nikaonyesha chemba tupu, nikaiweka bastola mezani. Alileta jiwe lake la kupimia. Triga haikulibeba hata kidogo. Springi zilikuwa zimelegea kwa mazoezi, na mimi nilishazilegeza kabla hazijatulia.

"Nani amegusa hii?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kidole kinachelewa."

Aliweka jiwe mezani. "Ellie, unalala?"

Nikasema nalala. Aliikaza skrubu taratibu, akapima, akakaza tena, akapima, akanirudishia. Sikupiga tena jana. Niliwaambia nina zamu. Sikuwa na zamu.

Nyumbani nilimwambia Désiré. Sikupanga kumwambia, ila alikuwa anamenya viazi na nilipokaa maneno yakatoka yenyewe: triga, udongo, uso wa Loretta. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Akasema tu, "Asante ya kuniambia," na akaendelea kumenya.

Leo asubuhi, chai ikiwa mezani, ndipo aliposema.

"Mama Inès, wewe unafikiri mimi naogopa ile bastola."

"Najua unaiogopa, Baba Inès. Ndiyo maana huipiti ile korido."

"Hapana. Milio, ndiyo, vraiment, kweli kabisa, milio sipendi. Lakini hiyo ni chuma, iko ndani ya chuma." Akasukuma kikombe pembeni. "Ni wewe nakuogopea. Unarudi kazini unakaa ndani ya gari, taa imezimwa, unakaa tu. Chakula hauli. Inès anakuongelesha, unamjibu baada ya dakika nzima. Donc, basi, najiuliza, mtu wa hivyo, na hiyo kitu humu nyumbani… Siwezi kumaliza hiyo sentensi."

Akanimiminia chai nyingine.

Nilitaka kukasirika. Nilitafuta hasira nikaikosa. Nilichokikuta ni bwana mmoja wa kitanda cha dirishani, Agosti, aliyeniomba nimshikie simu amuage mkewe kabla hatujamlaza kwenye mashine ya kupumulia. Mkono wangu ulikuwa umeishika ile simu hivi hivi, umenyooka, na nilikuwa najiambia usitikisike, usitikisike. Kisha nikashika simu ya mwingine. Na ya mwingine. Nilidhani nimewaacha wodini.

Nikamwambia Désiré ukweli wangu wote. Kwamba sijawahi kufikiria kujidhuru. Kwamba hata hivyo kuna siku nikiwa ndani ya gari natamani kila kitu kinyamaze, na sijui kati ya hayo mawili kuna umbali gani. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia kwa sauti yangu mwenyewe, na iliniogopesha kuliko ile risasi ya udongoni.

Alinishika kiwiko cha mkono. Tukakaa hivyo mpaka Inès akatokea mlangoni akauliza, "Are you guys okay?" Baba yake akamwambia bado, tunazungumza, chukua mkate. Akachukua mkate, akakaa nasi.

Nilimpigia Loretta. Nilimwomba bastola yangu ikae kwenye chumba cha chuma cha klabu kwa sasa, niwe naichukua nikifika na kuikabidhi nikiondoka. Nilijiandaa kwa maswali. Akasema, "Iko nafasi. Lete leo, niko hapa mpaka mchana. Na Ellie, vizuri umepiga simu."

Désiré aliendesha. Boksi lilikuwa limefungwa kwa kufuli nyuma ya gari, manyunyu yanapiga kioo, hatukuwasha redio. Alisema atanisubiri kwenye maegesho, vioo vya gari vikiwa vimepandishwa, asisikie milio.

Loretta aliniuliza kama nataka kupiga kidogo kabla ya kuikabidhi. Nusura niseme hapana. Nikapiga boksi moja, polepole, bila kuhesabu alama. Haikukwama hata mara moja. Maganda yaliruka upande wake kama inavyotakiwa, na matundu yalikaa karibu karibu, kidogo kulia mwa katikati. Kidole kiligoma mara mbili tatu. Kila kilipogoma nilishusha mkono, nikapumua, nikaanza upya. Hakuna sheria inayosema lazima ufyatue kila unapoinua.

Kisha nikamkabidhi. Akaifungia, akanitengenezea kahawa.

Kwenye gari Désiré alikuwa ametokwa na jasho usoni, lakini alikuwa ameteremsha kioo kidogo.

"Imezoea?" akaniuliza.

"Bastola imezoea."

"Na wewe?"

Nikamwambia bado.

Akawasha gari tukarudi nyumbani.

Ndizi sasa ziko mezani, Inès ananiita. Kuhusu uchaguzi wa klabu sijaamua. Loretta ameniambia jina langu halitafutwa na pia halitasukumwa, na nimeshukuru kwa yote mawili. Hospitali wana mshauri wa wafanyakazi. Namba yake imebandikwa kwenye friji ya chumba cha chai na nimekuwa naitazama kila ninapotoa maziwa. Nitampigia kesho asubuhi kabla ya zamu, Désiré akiwa amekaa pembeni yangu. Naogopa. Hofu hii ina joto fulani, si kama ile ya jana, na mpaka sasa sijui niiite nini.